Sentimita Kumi Kutoka Sakafuni

Neema, katika droo ya kushoto ya meza niliyokuachia kuna kibao cha mbao ya msonobari, kimelika pembe na kina doa la wino upande mmoja. Usikitupe. Watu wa usafi wamekwisha kukitupa mara mbili, na mara mbili nilikifuata kwenye pipa.

Siku ya keki ya kuniaga uliniambia niandike kidogo kuhusu kazi, kwa ajili yako na wenzako mnaobaki ofisini. Nilidhani ni maneno ya keki tu. Lakini sasa nina wiki ya tatu nyumbani, nimepanga makabati yote, nimeyapanga tena, na mume wangu ameniomba kwa upole nitafute shughuli nyingine. Basi naandika. Sitaeleza nani alipandishwa cheo na lini, kwa sababu hayo hayamsaidii mtu kukagua nyumba.

Nilifika Brussels nikiwa mke wa mtumishi wa ubalozi, yaani mtu ambaye kazi yake ni kusubiri. Mume wangu alipomaliza mkataba na kupata kazi nyingine hapa hapa, nilikuwa nimekwisha kusubiri vya kutosha. Kifaransa nilikuwa nimejifunza. Nikaona tangazo dirishani mwa ofisi ndogo ya wakala wa bima, juu ya duka la mikate, hatua chache kutoka uwanja wa Flagey. Walitaka mtu anayejua Kiswahili.

Mwenye ofisi alikuwa Monsieur Luc, Mbelgiji mrefu, mkimya, mwenye koti moja la majira yote. Watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, walikuwa wameanza kununua nyumba katika vitongoji vya Anderlecht na Evere, na walikuwa wanamletea barua za bima ambazo walizielewa vizuri sana ila hawakuziamini. Alitaka mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao. Katika usaili aliniuliza swali moja tu, kama naogopa buibui. Nikasema siogopi. Akasema nianze Jumatatu.

Jumatatu nilikwenda na viatu vya kisigino. Alinitazama miguuni, akanipeleka moja kwa moja kwenye nyumba moja ya Anderlecht, tukashuka ngazi za mawe hadi chumba cha chini ya ardhi, ambacho mjini hapa kila mtu hukiita cave, hata anapozungumza Kiswahili. Huko nilikutana na buibui. Kisha Monsieur Luc akatoa mfukoni kile kibao, akakisimamisha sakafuni kando ya boksi la nguo za watoto, akatikisa kichwa.

Nieleze hapa, maana mteja atakuuliza. Bima ya nyumba Wabelgiji huiita bima ya moto, ingawa inabeba pia upepo, mvua ya mawe, mafuriko na bomba lililopasuka. Jina lilikuja kwanza, mengine yakaongezwa, wala hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina. Ndani yake mna masharti madogo madogo. Mojawapo, katika mikataba mingi tuliyoiuza, ni kwamba vitu vya cave viwe vimeinuliwa sentimita kumi kutoka sakafuni. Maji yakivikuta chini ya hapo, hakuna fidia. Monsieur Luc alikata kibao chenye urefu huo kwa mkono wake. Alisema watu hubishana na futi ya kupimia, lakini hawabishani na ubao.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Unaanza chini, unakwenda juu, ndipo unakaa. Chini unatazama cave. Juu unatazama vigae na mifereji ya paa, kwa darubini ndogo ukiwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu mifereji iliyojaa majani imeharibu nyumba nyingi kuliko upepo wenyewe. Sebuleni unakwenda mwisho, kutia saini. Alisema sebule imepangwa kwa ajili ya wageni, haiwezi kukueleza lolote.

Tulifanya mzunguko huo kila Septemba, kabla upepo wa vuli haujaanza. Hapa hatuna vimbunga vya kung'oa minazi. Tuna dhoruba ambazo hupewa majina ya watu, utadhani ni shangazi wanaokuja kutembea, na zikiondoka mtu anakuta vigae vyake kwenye bustani ya jirani. Ndiyo maana nakusisitizia Septemba. Mteja anayesoma mkataba wake mwezi wa Januari, maji yakiwa magotini, anausoma kwa makini sana, lakini amechelewa.

Mwaka wa kwanza nilifanya makosa mengi, nitataja moja. Nilikaa mbele ya mzee mmoja wa Uvira, nikamsomea fomu nilivyoielewa: nyumba yako ikiungua, paa lako likiezuliwa. Akainua mkono nisimame, akaenda kufungua mlango, akabaki ameushika. Nikatoka. Nilikuwa nimemwombea mabaya ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena kwa sauti ya kiofisi. Tangu siku ile nikawa nasema, tuseme nyumba ya jirani imeungua, yeye angehitaji nini? Kila mtu alikuwa na maoni juu ya mahitaji ya jirani. Kwa miaka mingi majirani wote wa Anderlecht waliungua mdomoni mwangu kila Septemba, na kazi ikaenda.

Kiswahili changu kiliwachekesha. Mimi ni mtu wa Tanga, nasema watu na watoto, wao wanasema bantu na batoto, na katikati wanatia Kifaransa kama chumvi. Walikiita changu Kiswahili cha redio. Mimi wakaniita Maman Tanzanie, na jina hilo ndilo lililobaki.

Sasa nifike kwa Maman Furaha, ambaye unamjua. Alikuwa mjane wa Bukavu, mhudumu wa wazee katika nyumba ya kulelea, na alinunua nyumba nyembamba Anderlecht, si mbali na kituo cha metro. Nilipokwenda mara ya kwanza kuikagua, nilianza kuulizia mlango wa cave kabla sijavua koti. Akanishika mkono.

"Maman Tanzanie, kaa kwanza. Chai inapola."

Nikakaa. Kulikuwa na chai ya tangawizi, maandazi, na sombe, yaani kisamvu, iliyofunikwa. Nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mgeni hafunui kawa la mwenyeji. Nilimwona Maman Furaha ni mtu wa makamo ya dada yangu mkubwa, ametoka zamu ya asubuhi, amepika kwa ajili yangu. Nikaona kumwambia nataka kuingia mahali anapotupia vitu vyake vilivyomshinda kupanga ni utovu wa adabu. Nikamuuliza kuhusu cave hapo hapo mezani.

"Huko chini hakuna kitu ya kuandika," akasema. "Weka sukari."

Nikaweka sukari. Kwenye fomu nikaandika: cave imeonekana, ni tupu. Nikatia saini. Mwaka wa pili nilifanya vile vile, na wa tatu, hadi wa sita. Nyumba nyingine zote nilishuka. Kwake sikushuka, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwa watu wa chai, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuuliza kwa nini sikuuliza mwanzo.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo kila mwanamke wa Kivu mjini hapa alilijua, ni kwamba Maman Furaha ndiye aliyekuwa mtunza vyombo wa chama chao cha kusaidiana. Mtu akifiwa, chama huleta sufuria kubwa za kupikia watu, viti, sahani, mashuka ya waliotoka mbali, majiko ya gesi. Familia yenye msiba hainunui wala haikodi kitu. Vyote vilikaa kwenye cave yake, na funguo zilikaa kwenye mkoba wake. Kupewa funguo zile si jambo dogo. Ni kuambiwa mbele ya watu kwamba wewe hujawahi kuchukua cha mwenzako.

Na ndiyo maana hakuvitaja. Nilikuwa namuuliza, mezani pale, ana nini cha kuandika kwa jina lake. Mali ya chama, mali ya msiba, ukiiandika kwa jina lako umeanza kuichukua. Hakunidanganya hata kidogo. Wakati huo huo, kwenye chama aliwaambia vyombo viko salama, nyumba ina bima, na wakala mwenyewe huja kila mwaka. Hilo pia aliliamini, na alikuwa na haki ya kuliamini.

Mwaka wa saba dhoruba ilikuja mwezi Januari. Upepo haukuwa mkubwa sana, lakini mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mifereji ya barabara ikashindwa, maji machafu yakarudi majumbani kupitia mashimo ya sakafu. Simu ya Maman Furaha ilikuwa ya tatu asubuhi ile. Alizungumza taratibu.

"Maman, maji iliingia. Vyombo ya bantu inaelea."

Nikamuuliza vyombo gani. Akarudia swali langu polepole, nadhani alishangaa.

Nilishuka ngazi zile kwa mara ya kwanza nikiwa na buti za mpira. Viti vya kukunja vilikuwa vimelala ndani ya maji meusi, mashuka yamevimba kwenye maboksi yaliyofumuka, majiko yamezama. Sufuria tu ndizo zilielea, zikigongana taratibu. Maman Furaha alisimama kwenye ngazi ya pili kutoka chini, akanionyesha sufuria kwa kidole.

"Njo hii tunapikiaka bantu kwa matanga," akasema.

Nilielewa yote pale pale. Niliona haya kiasi kwamba nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Baada ya siku nne akaja mkaguzi wa kampuni ya bima, kijana mwenye adabu, na faili mkononi. Alipiga picha, akahesabu viti, kisha akafungua fomu yangu ya Septemba na kuisoma kwa sauti. Fomu ilisema hapakuwa na kitu. Ilisema imeonekana. Akamuuliza Maman Furaha, bila ukali wowote, vitu hivi vililetwa lini, na kama vililetwa kabla ya maji au baada yake. Maman Furaha aligeuka. Alinitazama mimi. Na mimi, Neema, nikasema nitaangalia kumbukumbu za ofisi. Ndilo neno la woga kuliko yote niliyowahi kusema kazini.

Mkaguzi alipoondoka, Maman Furaha alinisindikiza hadi mlangoni. Hata siku ile alinisindikiza.

"Donc mimi niko mwizi, Maman?"

Nilipanda metro hadi mjini, nikapitiliza kituo changu, nikarudi.

Hesabu ya jambo lenyewe ilikuwa nyepesi. Nikinyamaza, fomu yangu inabaki kuwa ya kweli, na Maman Furaha anakuwa mwanamke aliyejaza viti ndani ya maji ili adai fidia. Kwenye chama anakuwa mwongo aliyesema kuna bima. Funguo zinaondoka, na jina pia. Nikisema, mimi ndiye niliyetia saini uongo mara sita, na wakala aliyefanya hivyo anaweza asipate tena kazi hii popote. Nilikuwa na umri ambao mtu hapati kazi nyingine kirahisi. Niliogopa, na sioni sababu ya kuficha.

Nilimwendea Monsieur Luc mchana ule. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Aliuliza nimeshuka mara ngapi kwa Maman Furaha. Nikasema hata mara moja. Alichonga penseli yake hadi ikawa na ncha pande zote mbili, kisha akasema, "Kwa hiyo miaka sita umekagua chai."

Hakupandisha sauti. Alifungua kabati, akatoa faili ambalo sikuwahi kuliona, la bima yetu sisi wenyewe. Mawakala nao hukatiwa bima ya makosa yao ya kazi, kwa sababu kuna aliyefikiria kwamba tungekosea. Akaniambia niandike barua kwa mkono wangu, nisitie neno "bahati mbaya" hata mara moja. Kuhusu kazi yangu alisema tutaona. Kuona kwenyewe kulichukua miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu kila asubuhi niliingia ofisini kama mtu aliyeazima kiti.

Barua ilikwenda. Lakini barua haisomwi kwenye kikao cha chama, na kikao kilikuwa Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Evere. Nilikwenda bila kualikwa. Wanawake walikuwa upande mmoja, wanaume upande mwingine, na mbele kulikuwa na meza ya mwenyekiti, mzee waliyemwita Papa Président. Juu ya meza, peke yake kwenye kitambaa cheupe, kulikuwa na bunda la funguo. Maman Furaha alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini.

Papa Président alikuwa anauliza. Aliuliza vizuri, kwa heshima, ndivyo ilivyouma zaidi.

"Maman, ulituambia iko assuré, iko na bima. Alors, tuelewe nini?"

Niliinua mkono. Nilisema mimi ndiye wakala. Nilieleza kwamba sharti la sentimita kumi nililijua mimi, si yeye, na kazi yangu ilikuwa kushuka na kumwambia ainue vitu na aandikishe mali ya chama kwa jina la chama, jambo linalowezekana kabisa na linalochukua ukurasa mmoja. Nilisema niliandika kwamba nimeona, na sikuona. Nilimaliza kwa sentensi ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye basi:

"Huyu mama alisema kweli miaka yote. Mwongo ni karatasi yangu."

Kisha bibi mmoja wa nyuma, ambaye sikumfahamu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe Swahili ya redio nayo inakosaka." Wakacheka. Hata Papa Président alifunika mdomo. Sijawahi kushukuru dhihaka maishani mwangu kama ile.

Maman Furaha hakucheka. Mwenyekiti alisema funguo zitabaki mezani kwake hadi barua ya bima irudi. Barua ilirudi mwezi Aprili. Bima ya makosa yetu ilikubali kufidia sehemu, si yote. Chama kikachanga kilichobaki, na mimi nikachanga nao, jina langu likaandikwa katikati ya majina mengine bila maelezo. Barua ilisema pia, kwa Kifaransa kikavu, kwamba maelezo ya mwenye nyumba yalikuwa sahihi. Papa Président aliisoma kikaoni, akaitafsiri, akaisoma tena, ndipo akamrudishia Maman Furaha funguo. Mimi sikuwapo. Niliambiwa alizitia kwenye mkoba bila kuzitazama.

Kazi yangu ilibaki. Monsieur Luc hakuwahi kunieleza kwa nini. Alinikabidhi kibao, kile cha kwake, akachonga kingine. Alistaafu miaka miwili baadaye, akiwa bado na lile koti.

Maman Furaha hakunipigia simu mwaka ule mzima. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru. Septemba ilipofika nilikwenda nikiwa na hakika atakuwa amehama kwa wakala mwingine. Alifungua mlango, na kabla ya salamu akanikabidhi tochi.

"Leo tunaanza chini," akasema. "Chai itafuata."

Nilishuka. Viti vipya vilikuwa juu ya mbao za kupakilia mizigo, mashuka kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko, ukutani karatasi yenye orodha na jina la chama. Nilisimamisha kibao kando ya ubao wa kwanza. Ulikuwa juu zaidi, kwa vidole viwili. Alikuwa ananitazama kutoka ngazi ya pili. Tulipopanda, tulikunywa chai bila kulizungumza, na miaka yote iliyofuata hatukulizungumza.

Ndiyo maana Septemba iliyopita, nilipokupeleka kwake kukukabidhi, sikukuonya. Nilitaka kuona. Unakumbuka ulivyokaa, ulivyomwamkia vizuri, na yeye akasimama na tochi kukuonyesha mlango wa cave. Ukamwambia, kwa adabu zako zote za Arusha, "Hapana Maman, usisumbuke, sisi tunakuamini."

Nilijisikia mwenyewe katika maneno yale. Maman Furaha alichukua buli lililokuwa limekwisha kuwekwa mezani, akalirudisha jikoni. Alipotoka alisimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono begani kwangu, mara ya kwanza tangu mwaka ule wa maji.

"Huyu," akakuambia, "aliniheshimu six ans, miaka sita nzima, mpaka maji ikaingia."

Ukachukua tochi na kibao, ukashuka. Sisi wawili tulibaki juu, tukikusikia ukikigonga sakafuni, kando ya ubao mmoja baada ya mwingine, hadi ya mwisho. Ulipopanda na utando wa buibui kwenye nywele, alikuwa tayari anamimina chai, na bado ilikuwa ya moto.